Trela ya The Village ilituuzia filamu isiyokuwepo, na lawama zote akabebeshwa mwongozaji

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa waongozaji waliofulia, jina la M. Night Shyamalan lilitajwa karibu na kila mchangiaji, na ushahidi wa wengi ulikuwa The Village ya 2004. "Filamu ya kutisha isiyotisha." "Nilisubiri mazimwi, nikaona wazee wamevaa majoho." Niliyasoma yale maoni yote na nikaona kuna haki haijatendeka, ndiyo maana namfungulia uzi wake. Humu nitafichua miisho ya filamu kadhaa. Ambaye hajaziona na anataka kuziona zikiwa mpya, arudi baadaye.

Msimamo wangu ni huu: The Village ni filamu nzuri sana iliyotangazwa kwa uongo. Watu walikwenda kuangalia kile ambacho trela iliwaahidi, hawakukikuta, wakatoka na hasira. Aliyeandika ile ahadi hawakumjua. Waliyemjua ni yule ambaye jina lake lilikuwa juu ya bango.

Tuanze nyuma kidogo. Shyamalan alizaliwa India mwaka 1970, akakulia viunga vya Philadelphia, wazazi wake wote wawili madaktari. Agosti 1999 ikatoka The Sixth Sense, iliyogharimu takriban dola milioni 40 na kuingiza zaidi ya milioni 670 duniani. Iliteuliwa kuwania Oscar 6, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora, ingawa haikushinda hata moja. Yeye alikuwa na miaka 29. Na mtakumbuka jinsi watu walivyoulinda mwisho wa filamu ile, aliyeiona hamwambii ambaye hajaiona. Kuanzia hapo studio ikawa na bidhaa mkononi: mizimu, ukimya, halafu kibao kinageuka dakika za mwisho. Bidhaa ikishauzika, mwenye duka hataki kubadilisha karatasi ya kufungia hata kama ndani sasa kuna kitu kingine.

Na kweli ndani kulikuwa na kitu kingine tangu filamu iliyofuata. Unbreakable ilitoka Novemba 2000 na ni hadithi ya shujaa wa vitabu vya katuni. Halijafichwa hilo. Filamu inafunguka kwa maandishi kwenye skrini yanayoeleza kitabu cha kawaida cha katuni kina kurasa ngapi na picha ngapi. Lakini Shyamalan amesimulia kwamba Disney hawakutaka vitabu vya katuni vitajwe kwenye matangazo, kwa kuona ni mambo ya kikundi kidogo cha watu. Wakaitangaza kana kwamba ni ndugu wa The Sixth Sense: Bruce Willis yuleyule, giza lilelile, fumbo. Watu wakaingia ukumbini kusubiri mzimu. CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji usiku wa kwanza, ikapata alama ya C. Mwaka 2009 Quentin Tarantino aliitaja kati ya filamu 20 alizozipenda zaidi tangu yeye aanze kuongoza, na akasema wazi kwamba iliuzwa vibaya, kwamba ilipaswa kutangazwa kama habari ya Superman anayeishi kati yetu bila kujijua kuwa ni Superman. Mimi nadhani alipiga penyewe.

Sasa The Village. Trela ilituonyesha msitu, mnara wa lindo, majoho ya manjano, alama nyekundu milangoni, na kitu kinachopita gizani. Kijiji kimezingirwa na viumbe wasiotajwa jina. Kuna masharti: usiingie msituni, rangi nyekundu ifichwe, kengele ikilia kimbilia ndani. Ukiiona trela ile peke yake unajua umekwenda kuangalia nini.

Filamu yenyewe inaanza na baba analia juu ya jeneza la mtoto wake. Jiwe la kaburi limeandikwa 1897. Hapo hapo, dakika ya kwanza, filamu imekwambia habari yake ni msiba. Wazee wa Covington, ndicho kijiji chenyewe, kila mmoja amempoteza mtu wake kwa ukatili: aliyeuawa, aliyebakwa, aliyepigwa risasi. Walikutana mjini kwenye kituo cha kuwashauri wafiwa. Mmoja wao, Edward Walker, alikuwa mwalimu wa historia chuo kikuu na alitoka kwenye familia yenye fedha. Wakaamua kununua upweke. Wakajenga kijiji cha karne ya 19 katikati ya hifadhi ya wanyama yenye ukuta na walinzi, wakazaa watoto ambao hawatajua kamwe kwamba nje ni zama za magari, na ili watoto wasitoke wakawatungia viumbe wa msituni. Viumbe ni wao wenyewe wazee wakiwa wamevaa majoho mekundu.

Halafu kijana anachomwa kisu. Anayemchoma ni mwenzake wa hapohapo kijijini kwa wivu wa mapenzi, hakuna kiumbe chochote kilichohusika. Kile walichokikimbia mjini kimezaliwa ndani ya ukuta wao. Na Walker anatakiwa kuchagua: aulinde uongo, au amruhusu binti yake Ivy, ambaye ni kipofu, apite msituni kutafuta dawa ya kumwokoa mchumba wake Lucius, yule aliyechomwa.

Naomba mniambie hiyo ni filamu ya mazimwi kwa maana gani. Ni filamu ya wazazi wanaowatisha watoto kwa sababu wanawapenda, na bei ya kufanya hivyo. Ilitoka Marekani miaka mitatu tu baada ya Septemba 11, nchi nzima ikiwa inaishi kwa viwango vya hofu vinavyotangazwa kwenye televisheni. Wahakiki kadhaa waliliona hilo. Wengi wa waliolipa tiketi hawakupewa nafasi ya kuliona, kwa sababu walikuwa wanahesabu dakika mpaka zimwi litokee.

Tazameni mauzo. Wikiendi ya kwanza, mwisho wa Julai 2004, iliingiza dola milioni 50 na ushee Marekani na Kanada. Wikiendi ya pili mauzo yakashuka kwa takriban theluthi mbili. CinemaScore: C tena. Mwisho wa safari ilifika kama milioni 256 duniani kwa bajeti ya milioni 60, kwa hiyo hasara haikuwepo. Ila ule mporomoko wa wikiendi ya pili ni watu kupigiana simu na kuambiana "tumepigwa changa la macho". Na ni kweli walipigwa. Swali langu ni nani aliyewapiga.

Karibuni.

#2 Mdau, Mwanza

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho na hoja umeijenga vizuri, lakini unamtetea mno.

Mimi niliiona kwa DVD, sikuwahi kuiona trela kabla. Sikuuziwa mbuzi kwenye gunia na mtu yeyote, na bado niliona mwisho wake haukubaliki. Ndege hazipiti juu ya ile hifadhi? Hakuna kijana hata mmoja miaka yote hiyo aliyeukaribia ukuta? Hizo ni kasoro za hadithi, na aliyeiandika ni yeye mwenyewe. Mhakiki maarufu wa Marekani, Roger Ebert, aliipa nyota moja kati ya nne. Mzee yule alikuwa akiangalia filamu kwa kazi tangu miaka ya 60, siamini kwamba trela ilimdanganya.

Na kuna jambo umeliruka. Shyamalan mwenyewe alishiriki uongo. Msimu huohuo wa 2004 kituo cha Sci Fi kilirusha makala ya saa tatu, The Buried Secret of M. Night Shyamalan. Kituo kikatangaza kwenye vyombo vya habari kwamba mwongozaji amejitoa na amekasirika kwa kuwa watengenezaji wamechimba mambo yake binafsi. Ndani ya makala wakadai kwamba utotoni alizama maji, akawa amekufa kwa karibu nusu saa, na tangu hapo anawasiliana na roho. Baadaye ikajulikana ni kiki tupu ya kuitangaza The Village, yeye akiwa ndani ya mpango. Kituo kilikiri, na kampuni mama NBC Universal ikajitenga na ule mchezo. Sasa hapo tuseme ni studio tu?

#3 Mleta uzi

Mdau wa Mwanza, ile makala ni doa lake na sitalifuta. Kuwadanganya waandishi wa habari ili wakutangazie filamu ni kosa, na alikuwa mtu mzima aliyejua anachofanya.

Lakini angalia ile kiki ilisema nini. Ilimuuza kama mtu wa mizimu, mtu ambaye hata maisha yake yana kibao cha kugeuka. Ni karatasi ileile ya kufungia niliyoitaja. Akakubali kuivaa yeye mwenyewe, wakati ana mkononi filamu ambayo mizimu ni uongo wa wazee! Filamu inakwambia "hakuna viumbe, kuna binadamu wenye maumivu", na matangazo yake yanakwambia "viumbe wapo, hata mwongozaji anaongea nao". Hakuna filamu inayoweza kubeba mzigo wa kupingana na tangazo lake kiasi hicho.

Kuhusu ndege, filamu ina jibu kwa kinywa cha mlinzi: serikali ililipwa ili njia za ndege zisipite pale. Unaweza kusema jibu ni jepesi, nami sitabishana sana. Kwangu hadithi za aina hii zinapimwa kwa kingine. Kumbuka pale Ivy anaposimama mlangoni mkono ameunyoosha nje kumsubiri Lucius, kiumbe kinasogea, muziki unashuka, na Lucius anaushika mkono ule na kumvuta ndani. James Newton Howard aliteuliwa kuwania Oscar kwa muziki ule, na vayolini inapigwa na Hilary Hahn. Picha ni za Roger Deakins. Na Bryce Dallas Howard, kwenye nafasi yake kubwa ya kwanza, anacheza upofu bila hata chembe ya kuombea huruma. Huwezi kuyatupa yote hayo kwa sababu ya ndege.

Ebert namheshimu na nitamrudia, kwa sababu alama zake kwa Shyamalan ni somo peke yake.

#4 Mdau, Arusha

Naongezea kwa upande wa utengenezaji maana nafanya kazi ya kuhariri video.

Watu wengi wanadhani trela inatengenezwa na mwongozaji. Hollywood sivyo. Studio inakodi kampuni za nje ambazo kazi yao ni trela tu, mara nyingi zaidi ya moja kwa filamu moja, zinashindanishwa. Wanapewa picha wakati filamu yenyewe bado ipo kwenye uhariri. Ndiyo maana unaona kwenye trela tukio ambalo ndani ya filamu halipo. Trela zikikamilika zinajaribiwa kwa watazamaji, na inayoshinda ni ile iliyowafanya watu wengi waseme watanunua tiketi. Hakuna anayewauliza watazamaji wale kama trela inafanana na filamu, na wangejuaje?

Ile skrini ya kijani mnayoiona mwanzoni mwa trela za Marekani inamaanisha tu kwamba chama cha studio kimeipitisha kwa hadhira itakayoiona. Inahusu damu, matusi na uchi. Ukweli wa tangazo hauchunguzwi pale.

Mwongozaji mwenye jina anaweza kupiga kelele na akasikilizwa. Shyamalan baada ya Signs alikuwa na jina hilo. Signs ya 2002 iliingiza zaidi ya dola milioni 400, na jarida la Newsweek wakamweka kwenye jalada na kumwita Spielberg ajaye. Kwa hiyo hapo namuunga mkono kidogo Mdau wa Mwanza: sauti alikuwa nayo.

#5 Mdau, Mombasa

Salaam wakuu. Mimi nimesomea sheria na hili suala la trela za uongo lishafika mahakamani Marekani, nadhani litawasaidia.

Mwaka 2011 kuna mwanamke wa Michigan alishtaki kwa ajili ya filamu Drive. Alidai trela ilimwahidi mbio za magari mfululizo na alichokuta ni filamu ya polepole. Alishindwa.

Kesi nzito ilikuja Januari 2022. Watazamaji wawili walikodi Yesterday, ile filamu ya 2019 ya kijana anayejikuta yeye peke yake ndiye anayezikumbuka nyimbo za Beatles. Walikodi kwa dola 3.99 kila mmoja, kwa sababu trela ilimwonyesha Ana de Armas. Kwenye filamu hayumo, sehemu yake yote ilikatwa. Wakaishtaki Universal. Utetezi wa Universal ulikuwa kwamba trela ni kazi ya sanaa, inalindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba 2022 jaji Stephen Wilson akaikataa hoja hiyo. Alisema trela ni tangazo la biashara, na tangazo la biashara linabanwa na sheria za matangazo ya uongo. Ila akaweka mpaka: inahusu jambo linaloweza kuthibitishwa, kama vile mwigizaji fulani yumo au hayumo. Kutoridhika kwako na filamu hakuingii humo. Agosti 2023 kesi ikafutwa kwa sababu nyingine, kwamba walalamikaji hawakuwa na haki ya kushtaki kwa namna walivyodai kudhurika.

Sasa uiweke The Village kwenye mizani ile. Trela ilionyesha viumbe. Viumbe wamo, wamevaa majoho mekundu vilevile kama tulivyowaona. Kila picha ni ya kweli na jumla yake ni uongo. Kisheria hutamshika mtu hapo. Kwa hiyo namuelewa mleta mada anaposema watu walidanganywa, na nawaelewa pia waliomgeukia mwongozaji. Hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

#6 Mdau, Nairobi

Hii maneno ya Mombasa imenikumbusha kisa cha David Manning. Nadhani vijana wengi hapa hawakijui.

Mwaka 2000 na 2001 mabango ya filamu za Sony yalikuwa yakimnukuu mhakiki huyo, wa gazeti dogo la Connecticut linaloitwa The Ridgefield Press. Alizisifu A Knight's Tale, The Animal, Hollow Man na nyinginezo. Gazeti lilikuwepo kweli. Mhakiki hakuwepo! Alikuwa ametungwa na watu wa matangazo wa Sony wenyewe. Newsweek wakalifichua Juni 2001. Mwaka 2005 Sony wakakubali kulipa dola milioni 1.5, na waliokata tiketi za filamu zile wakaruhusiwa kudai dola 5 kila mtu.

Nasema hivi kwa sababu mnawazungumzia wahakiki kana kwamba wako upande mmoja na matangazo upande mwingine. Studio zinajua neno la mhakiki lina thamani, kiasi cha kuunda mhakiki wao. Na kama neno lake lina thamani hiyo, Ebert kuipa The Village nyota moja hatuwezi kuiruka hivi hivi, bwana.

#7 Mleta uzi

Asanteni, Mombasa na Nairobi, mmeongeza nyama. Hilo la kila picha kuwa kweli na jumla kuwa uongo, sijawahi kuliona limesemwa vizuri hivyo.

Sasa Ebert. Alimpa Shyamalan nyota 3 kwa The Sixth Sense, 3 kwa Unbreakable, 4 kati ya 4 kwa Signs, 1 kwa The Village. Halafu ikaja The Happening ya 2008, ambayo karibu ulimwengu mzima uliikataa, yeye akaipa 3. The Last Airbender ya 2010 akaipa nusu. Mtu mmoja, macho yaleyale, na alama zinapanda na kushuka kuanzia juu kabisa mpaka karibu na sifuri. Ukichukua wahakiki wote kwa pamoja utaona sura hiyohiyo. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayojumlisha maoni ya wahakiki, The Sixth Sense iko juu ya asilimia 80 na The Last Airbender iko karibu na 5.

Hao si wahakiki walioamua kumchukia. Ni mwongozaji ambaye kila filamu anahatarisha kitu, na akikosea anakosea hadharani. Mimi wa namna hiyo nampenda kuliko yule anayepata sita na nusu kila mwaka.

Kinachoniuma ni kwamba baada ya The Village mjadala uliacha kuwa wa filamu, ukawa wa jina. Alipoandika Lady in the Water, viongozi wa Disney walimwambia hawaielewi. Akaondoka, akaipeleka Warner Bros. Yamo kwenye kitabu cha Michael Bamberger cha 2006. Na ndani ya filamu ile aliweka mhakiki wa sinema mwenye dharau ambaye analiwa na mnyama, na yeye mwenyewe akacheza mwandishi ambaye maandishi yake yatakuja kuubadili ulimwengu. Wahakiki hawakumsamehe. Iligharimu milioni 70, ikaingiza kama 72. Akapewa Razzie, zile tuzo za kejeli kwa filamu mbovu, za mwongozaji mbaya zaidi na mwigizaji msaidizi mbaya zaidi. Ile ilikuwa jeraha la The Village linazungumza, na lilizungumza vibaya.

#8 Mdau, Dodoma

Mleta mada, naomba unijibu kuhusu The Last Airbender. Pale nani wa kulaumiwa? Trela ilikuwa sahihi, ilituonyesha maji, moto, upepo. Mimi nilikua na ile katuni. Wahusika wa dunia iliyojengwa kwa tamaduni za Asia na za watu wa Aktiki, watoto watatu wakuu wakapewa waigizaji weupe, adui ndiye akapewa Dev Patel. Mazungumzo yote ni maelezo. Na ule mfumo wa 3D uliongezwa baada ya kupiga picha, skrini ikawa giza tupu. Bajeti milioni 150! Kama matangazo ndiyo yaliyomwangusha, hapa yalimwangusha vipi?

#9 Mleta uzi

Hayakumwangusha. Ile ni filamu mbovu na mwongozaji na mwandishi ni yeye. Razzie 5 zilikuwa halali yake. Sitetei kila kilichotoka mkononi mwake, natetea The Village na Unbreakable.

Ila nataka uone matangazo yalivyoanza kumtendea baada ya hapo. Septemba mwaka huohuo 2010 ilitoka Devil, aliyotunga kisa chake bila kuiongoza. Trela ilipofika mahali jina lake linapotokea, kumbi nyingi za Marekani zilisikika watu wakicheka. Studio ziliyasikia hayo. Mwaka 2013 After Earth ya Will Smith na mwanawe, filamu ya Shyamalan kabisa, ikatangazwa kwa trela zisizomtaja. Miaka tisa kabla yake jina lilikuwa limebandikwa juu ya The Village, M. Night Shyamalan's The Village, maana ndilo lililouza. Sasa linafichwa ili tiketi ziuzike. Kote kuwili mtazamaji hakuambiwa ukweli wa anachokwenda kukiona.

Alichokifanya baada ya hapo ndicho kilichonirudishia imani. Aliweka rehani nyumba yake na kutengeneza The Visit ya 2015 kwa dola milioni 5 za mfukoni. Watoto wawili, babu na bibi, nyumba moja ya mashambani. Ikaingiza karibu milioni 98. Filamu ikiwa ya fedha zako, unakuwa na kauli juu ya namna itakavyouzwa, na hapo utofauti ukaanza kuonekana.

#10 Mdau, Mwanza

Hapo Split ndiyo inakuja, na hapo nitakusaidia hoja yako mwenyewe mkuu.

Split ilitangazwa kama filamu ya mtekaji mwenye nafsi 23, mabinti watatu wamefungiwa chini ya ardhi. James McAvoy alicheza kwa kiwango cha kutisha. Trela haikutaja chochote kuhusu Unbreakable. Sekunde za mwisho tuko mgahawani, televisheni inatangaza habari za yule mtekaji, kamera inasogea na Bruce Willis amekaa pale, ni David Dunn, yule shujaa wa Unbreakable. Miaka 16 baadaye! Ile ni filamu ya pili ya Unbreakable na hakuna aliyejua wakati anakata tiketi. Bajeti milioni 9, ikarudisha zaidi ya 270.

Huo nao ni ufichaji. Lakini hakuna aliyekasirika. Kwa nini? Kwa sababu walichoahidi walikitoa chote, halafu wakaongeza. Kwenye The Village waliahidi kimoja wakatoa kingine. Kwa hiyo siyo siri inayoudhi watu.

#11 Mleta uzi

Mdau wa Mwanza, hilo nalichukua kama lilivyo.

Na uliangalie pamoja na Trap ya 2024. Baba anampeleka binti yake kwenye tamasha la muziki, ukumbi umejaa polisi kwa sababu muuaji wanayemsaka anajulikana atakuwepo. Trela yenyewe inakwambia kwamba muuaji ni huyo baba, Josh Hartnett. Mwongozaji ambaye kwa miaka 25 aliuzwa kwa siri ya mwisho alikubali siri itolewe kwenye tangazo, kwa sababu filamu haikuwa ya kutafuta muuaji ni nani. Ilikuwa ya kutazama atatokaje mle ndani. Wahakiki waligawanyika tena, wapo walioipenda na wapo walioiona ya kijinga. Lakini waligombana kuhusu filamu waliyoiona. Hakuna aliyetoka akisema aliahidiwa nyingine.

Hivyo ndivyo The Village ilivyostahili. Ingetangazwa kama hadithi ya mapenzi ya binti kipofu kwenye kijiji kinachoishi kwa hofu, ingeingiza milioni 20 wikiendi ya kwanza badala ya 50, labda. Disney wasingekubali, najua. Ila walioingia wangekuwa wamekuja kwa ajili yake.

#12 Mdau mgeni, Zanzibar

Assalaam alaykum. Nimeingia huu uzi kwa bahati na mmeshanifichulia kila kitu lakini hamna neno, mleta mada alitahadharisha. Sijaona hata moja zaidi ya The Sixth Sense. Nianze na ipi kaka?

#13 Mleta uzi

Waalaykum salaam, karibu sana.

Anza na Unbreakable, na uiangalie ukijua ni hadithi ya shujaa, usisubiri mzimu. Inakwenda taratibu, ipe muda. Kisha Signs. Halafu The Village, usiku, sauti iwe kubwa kwa ajili ya vayolini, na trela usiifungue kabisa. Ukishajua viumbe ni wazee wenyewe, mwangalie Edward Walker, William Hurt, tangu mwanzo: kila anapoongea na watoto kuhusu msitu utamwona anavyoumia. Wanaoiangalia mara ya pili ndio wanaoipenda, na wewe kwa kuwa umeshasoma humu utaiona mara ya kwanza kwa macho ya mara ya pili.

The Visit na Split zifuate, kisha Glass ya 2019 inayomalizia habari ya Unbreakable na Split. Lady in the Water iache mpaka umezoeana naye. The Last Airbender, msikilize Mdau wa Dodoma.